Mbawakawa Laricobius haonekani kwenye mihemloki: utatuzi wa matatizo kwa kufuata mzunguko wa maisha yake

Anayeachilia mbawakawa 500 wa Laricobius kwenye mihemloki mwezi wa Novemba, ili kuwala wadudu wanaoiua miti hiyo, kisha akarudi Julai na kitambaa chake cheupe, anaweza kupiga matawi mpaka mkono ukachoka bila kudondosha hata mmoja. Daftarini ataandika kwamba mbawakawa hawakushika, na pengine hatarudi tena mahali hapo. Wakati anaandika maneno hayo, kizazi cha kwanza cha mbawakawa wale wale kinaweza kuwa kimelala udongoni, sentimita chache tu chini ya viatu vyake, kikisubiri Oktoba. Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu Laricobius nigrinus ni ya namna hiyo: mdudu hana kosa, kosa liko kwenye tarehe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda, na kila dalili inayofuata inapimwa kwanza kwa kalenda hiyo kabla ya kutafutiwa sababu nyingine.

Kalenda ya kidukari na kalenda ya mbawakawa

Adui anayepigwa vita ni kidukari-sufu wa hemloki, Adelges tsugae, mdudu asiyefikia milimita 2, ambaye hujibandika mahali sindano (jani jembamba) ya mhemloki inapoungana na kitawi, akafyonza akiba ya chakula ya mti na kujifunika nta nyeupe inayofanana na sufu. (Mhemloki unaozungumzwa hapa ni mti mkubwa wa jamii ya misonobari, wala si ule mmea wa sumu unaoitwa kwa jina hilo hilo.) Mashariki mwa Marekani kidukari huyu alirekodiwa mara ya kwanza karibu na Richmond, Virginia, mwaka 1951, na asili ya kundi lake ni kusini mwa Japani. Mihemloki ya upande huo, Tsuga canadensis na Tsuga caroliniana, haina kinga ya kutosha dhidi yake, na hapakuwa na mbuai wa kienyeji aliyeweza kumpunguza, hivyo mti ulioshambuliwa sana huweza kufa ndani ya miaka 4 hadi 10.

Kidukari huyu hupata vizazi viwili kwa mwaka juu ya mhemloki, na vyote ni vya majike watupu wasiohitaji dume. Kizazi cha kwanza, kiitwacho sistensi, huanguliwa mwanzoni mwa majira ya joto. Tunutu wake, yaani wachanga wake, hujibandika kwenye vitawi vipya, kisha hulala bila kukua hadi karibu na Oktoba. Ni baridi inapoanza ndipo wanapoamka na kula, kinyume na desturi ya wadudu wengi, na kuanzia Februari hivi majike hutaga ndani ya vifuko vya sufu, jike mmoja akiweza kufikisha mayai 300. Mayai hayo huzaa kizazi cha pili, progrediensi, ambacho hukua upesi wakati wa machipuko na kutaga kufikia Juni, na mayai yake ndiyo yanayoleta sistensi wa mwaka unaofuata.

Laricobius nigrinus ni mwenyeji wa kaskazini magharibi mwa Amerika, ambako vidukari wa aina hiyo hiyo wapo tangu zamani bila kuangamiza misitu. Aliletwa Virginia kutoka British Columbia mwaka 1997, akawekwa karantini hadi mwaka 2000, na kuanza kuachiliwa msituni mwaka 2003. Maisha yake yamefungamanishwa na yale ya windo lake kama kidole na pete. Mtu mzima hutoka udongoni Oktoba na Novemba, wakati ule ule sistensi wanapoamka, na hula tunutu wakati wote wa baridi, siku zozote ambazo joto linaruhusu. Kuanzia Januari hivi, na zaidi katika Machi na Aprili, jike hutaga yai moja moja ndani ya kifuko cha sufu cha kidukari. Lava huanguliwa humo humo, katikati ya chakula chake, na kabla ya kukomaa huwa amekula mayai ya kidukari yanayozidi 200. Hupita hatua nne za ukuaji, kisha Aprili au Mei hujiangusha chini, huingia udongoni na kujitengenezea kijichumba ambamo huwa pupa. Yapata wiki mbili baadaye anakuwa mtu mzima kamili, lakini hatoki. Hulala humo humo majira yote ya joto.

Anayetaka kuelewa dalili yoyote kati ya hizi zinazofuata hana budi kuibandika kalenda hii ukutani.

Dalili: matawi yanapigwa, mbawakawa hawadondoki

Kipimo cha kawaida ni kutandaza kitambaa cheupe chenye upana wa mita moja hivi chini ya tawi na kulipiga tawi mara kadhaa kwa fimbo. Kinachodondoka ni mchanganyiko wa sindano kavu, vipande vya sufu, buibui na vumbi la gome. Mbawakawa akidondoka hukunja miguu na kutulia kama punje ya mchanga mweusi, na mwenye haraka humkung'uta pamoja na takataka. Inafaa kusubiri walau dakika nzima huku macho yakiwa kitambaani, kwa kuwa punje inayoanza kutembea ndiyo inayotafutwa: ina urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi nyeusi, vinywele vifupi, na mistari ya vitundu midogo juu ya mbawa ngumu. Chini ya lenzi, kichwani huonekana vijicho viwili vidogo vya ziada kati ya macho makubwa, alama ambayo mbawakawa wachache sana wanayo.

Ikiwa hakuna kilichotembea, swali la kwanza ni mwezi gani. Kuanzia Juni hadi Septemba matokeo ya kitambaa hayana maana yoyote, na yasiandikwe kama sifuri bali yaachwe kabisa. Kipindi chenye faida ni Oktoba hadi Desemba, na tena mwanzoni mwa machipuko. Swali la pili ni hali ya hewa ya siku yenyewe. Asubuhi yenye barafu mbawakawa hujificha kwenye mipasuko ya gome na chini ya sufu, wala fimbo haiwang'oi. Mchana wa siku hiyo hiyo, jua likishapiga, huweza kupatikana kwenye tawi lile lile. Upepo nao huwapeperusha kabla hawajafika kitambaani.

Swali la tatu ni urefu. Mbawakawa hawabaki kwenye matawi ya chini yanayofikiwa na mkono. Vizazi vinavyofuata huelekea juu na kusambaa hadi miti ya jirani, hivyo mti walioachiliwa unaweza kuonekana mtupu ilhali vilele vinavyouzunguka vina wakazi. Ndiyo maana miaka miwili au mitatu ya kwanza huwa ya kukatisha tamaa kuliko yote: kundi dogo limetawanyika ndani ya ujazo mkubwa wa majani. Kumkosa mdudu katika kipindi hicho si ushahidi wa kushindwa, na kwa maoni yangu wengi hukata tamaa mwaka mmoja tu kabla ya kundi kuanza kuonekana.

Njia ya uhakika zaidi kuliko kitambaa ni kutafuta lava. Mwezi wa Machi au Aprili, kulingana na joto la mahali, hukatwa vitawi vyenye sufu nyingi, vikapelekwa ndani na kuchomekwa kwenye sifongo lenye maji juu ya chombo chenye mdomo wa faneli, na lava wanaokomaa hujiangusha wenyewe kwenye chupa iliyo chini. Asiye na vifaa hivyo anaweza kufungua vifuko kwa sindano chini ya lenzi. Mayai ya kidukari ni madogo, yana rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, nayo hurundikana kwa makumi. Yai la mbawakawa ni kubwa kuyashinda, la njano iliyokolea, na aghalabu liko peke yake. Lava naye hujipaka sufu ya windo lake mgongoni, kiasi kwamba wakati mwingine kinachomfichua ni ule mwendo wa kipande cha sufu ambacho hakikupaswa kutembea.

Yakishaondolewa yote hayo, ndipo inapofaa kuulizwa kama mbawakawa kweli hawakushika. Sababu kuu mbili ni uchache na baridi. Katika majaribio ya mwanzo waliachiliwa kwa idadi tofauti, kuanzia makumi hadi zaidi ya 1,000 kwa eneo, na kilichobashiri matokeo zaidi ni kiwango cha chini kabisa cha joto la majira ya baridi, pamoja na idadi iliyoachiliwa. Kundi lililotoka pwani ya Pasifiki halikuzoea baridi kali ya bara. Kwa maeneo ya milimani na ya kaskazini hupendelewa mbawakawa wa spishi hiyo hiyo waliokusanywa Idaho, kwa kuwa wametoka kwenye baridi kali zaidi.

Dalili: lava walikuwa wengi Aprili, lakini Novemba hakuna mtu mzima

Hapa mshukiwa ni udongo, na hili ndilo eneo linalosahaulika kuliko yote kwa sababu halionekani. Mbawakawa hukaa chini ya ardhi karibu nusu ya mwaka, akiwa kwanza lava aliyekoma kula, kisha pupa laini asiyeweza kukimbia, kisha mtu mzima aliyelala. Chochote kinachoharibu tabaka la juu la udongo kati ya Aprili na Oktoba kinamharibu yeye. Kufagia majani chini ya mti, kuweka mabanzi mazito ya mbao, kuegesha magari, kulima bustani au kumwaga kiuatilifu kwenye mizizi ni mambo yanayofanywa kwa nia njema, tena na watu wale wale walioomba mbawakawa. Udongo uliojaa maji huzalisha ukungu unaoshambulia pupa, na udongo uliokauka kama majivu humkausha yeye mwenyewe. Msituni mambo haya hujirekebisha yenyewe; uani mwa nyumba hayajirekebishi, hivyo mihemloki ya uani isichaguliwe kuwa mahali pa kuwaachilia kama msitu upo karibu.

Dalili: mbawakawa wako tele, vifuko vimeraruliwa, lakini sufu inarudi

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, na halina uhusiano na uzembe wa mtu yeyote. Mwezi wa Aprili mchunguzi huona vifuko vilivyotawanywa, sufu imechanika, mayai yamebaki maganda, na akihesabu hukuta sehemu kubwa ya vifuko imeharibiwa. Julai anarudi na kukuta vitawi vipya vimejaa tunutu wa sistensi waliolala, vidoa vyeusi vyenye ukingo mweupe, kana kwamba hakuna kilichokuwa kimetokea.

Sababu iko kwenye kalenda. Lava wa mbawakawa hula mayai ya sistensi, kisha hushuka udongoni Aprili na Mei, wakati progrediensi walionusurika ndio kwanza wanakomaa. Kuanzia hapo hakuna Laricobius juu ya mti. Progrediensi hao wachache wana nafasi tele na chakula kingi, kwa sababu wenzao wameliwa. Ushindani umepungua, kila mmoja anazaa watoto wengi zaidi, na pengo lililoachwa na mbuai hujazwa ndani ya miezi miwili. Kwa maneno mengine, mbawakawa anafanya kazi yake barabara kwa miezi saba, kisha mlango unabaki wazi kwa mitano.

Kumwongeza Laricobius mwingine hakuzibi pengo hilo, hata wakiachiliwa maelfu. Hata Laricobius osakensis wa Japani, aliyeanza kuachiliwa mwaka 2012 na mwenye sifa nzuri kwa kuwa alikua pamoja na ukoo ule ule wa vidukari uliovamia mashariki, anafuata majira yale yale. Kinachohitajika ni mbuai wa machipuko na majira ya joto. Mdudu-kibibi mdogo mweusi Sasajiscymnus tsugae, naye wa Japani, aliachiliwa Connecticut mwaka 1995 kwa matumaini hayo, ingawa kumpata tena msituni kumekuwa kugumu katika maeneo mengi. Wanaotazamwa zaidi sasa ni nzi wadogo wa rangi ya fedha wa jenasi Leucotaraxis kutoka upande wa magharibi, ambao mabuu yao hula mayai ya vizazi vyote viwili.

Kwa hiyo anayekuta dalili hii asiandike kwamba mbawakawa wameshindwa. Aandike mambo mawili kwa safu tofauti: asilimia ya vifuko vilivyoharibiwa kabla ya Mei, na wingi wa tunutu kwenye vitawi vipya baada ya Juni. Safu ya kwanza humwambia habari za Laricobius, ya pili humwambia habari za pengo. Kuzichanganya katika tarakimu moja ni kujinyima taarifa zote mbili.

Dalili: sufu imetoweka ghafla

Furaha isitangulie. Kidukari hutoweka kwa sababu tatu ambazo hazimhusu mbuai. Ya kwanza ni baridi kali: wimbi la baridi la Januari 2014 liliua vidukari wengi mno katika sehemu za mashariki mwa Marekani, na mbawakawa waliobaki wakakosa chakula. Ya pili ni mti wenyewe kuchoka. Mhemloki usiotoa vichipukizi vipya hauwezi kulisha tunutu wapya, hivyo sufu hupungua huku sindano zikigeuka kijivu na kupukutika. Tofauti kati ya mti uliopona na mti uliochoka iko kwenye ncha za matawi, ambako mti uliopona huonyesha chipukizi za kijani kibichi mwezi wa Mei na ule mwingine hauonyeshi chochote. Sababu ya tatu ni kwamba jirani alitibu mti wake kwa dawa na mizizi ya miti hiyo inaingiliana, jambo ambalo ni rahisi kulijua kwa kuuliza.

Dalili: kuna weupe, lakini mbawakawa hawaugusi

Weupe huo huenda si sufu ya kidukari. Vifuko vya mayai ya buibui, povu la wadudu-mate na matone ya utomvu uliokauka vyote hudanganya kwa mbali. Sufu ya Adelges hukaa pale sindano inapoungana na kitawi, kila kifuko mahali pake. Vigamba vyenye umbo la mviringo mrefu vilivyobandikwa juu ya sindano zenyewe, upande wa chini, ni mdudu-gamba Fiorinia externa, ambaye Laricobius hana haja naye.

Dalili: maabarani mbawakawa wanatoka udongoni Agosti

Wanaofuga mbawakawa ndani ya nyumba wanalijua tatizo hili kwa uchungu. Vyombo vya udongo vimekaa kimya tangu Juni, kisha siku moja kifuniko kinafunguliwa na mbawakawa wazima wanapanda kuta za chombo, wenye afya na wenye njaa, ilhali vidukari wote nje bado wamelala na hawana lishe. Wakiachiliwa watakufa, na wakibaki ndani hawana cha kula.

Chanzo kikubwa ni joto. Mbawakawa aliyelala hutafsiri ubaridi kama habari ya kufika kwa Oktoba. Chumba kilichowekwa kwenye nyuzi 13 za Selsiasi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa imani kwamba ubaridi humfaa mdudu wa baridi, humwamsha kabla ya wakati. Ufumbuzi uliotoa matokeo mazuri ni kupandisha joto hadi nyuzi 19 hivi wakati wa usingizi wa majira ya joto, kisha kuliteremsha tena hadi nyuzi 13 mwishoni mwa Septemba, wakati vitawi vya nje vinapoanza kuonyesha tunutu wanaokua. Unyevu nao uangaliwe kila mara: udongo ukifinyangwa kiganjani ushikamane bila kutoa tone la maji. Iwapo baadhi wametoka mapema licha ya yote, vyombo vya wale ambao bado wamelala vihamishwe kwenye joto zaidi mara moja, kabla nao hawajaamka.

Dalili: baadhi wana mbawa nyekundu

Mashariki mwa Marekani yupo ndugu wa kienyeji, Laricobius rubidus, ambaye windo lake la asili ni kidukari wa misonobari myeupe, Pineus strobi. Mbawa zake ni nyekundu zenye kingo nyeusi. Akikutana na mgeni juu ya mhemloki huzaana naye, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha mahuluti yanayofikia takriban mbawakawa mmoja katika kila 10, huku rangi zao zikiwa za kila namna kati ya nyeusi na nyekundu. Hili si ugonjwa wala si dalili ya kundi kuharibika, kwani mahuluti nayo hula kidukari-sufu. Madhara yake ni ya kihesabu tu: anayehesabu weusi peke yao atapunguza idadi, na anayehesabu wote kuwa nigrinus ataizidisha. Lava hawatofautishwi kwa macho hata kidogo, hivyo wanaohitaji jibu la uhakika huwahifadhi kwenye alkoholi na kuwapeleka kupimwa vinasaba. Tatizo hili huzidi kila vitawi vya kulishia vinapokatwa kwenye mihemloki iliyo karibu na misonobari myeupe, kwa kuwa rubidus huingia maabarani akiwa yai ndani ya sufu.

Dalili: mti unakufa na mbawakawa bado hawajaongezeka

Mbawakawa hawaokoi mti ulio taabani. Jike hutaga takriban mayai 100 katika maisha yake yote na huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, wakati kidukari anazaa viwili. Kundi linahitaji miaka kadhaa kufikia wingi wenye maana, na mti uliokwisha kupoteza nusu ya sindano zake hauna miaka hiyo. Mti kama huo unahitaji kiuatilifu. Dinotefurani hufanya kazi ndani ya wiki chache lakini haidumu, na imidaklopridi huchelewa kupanda ila hukaa mtini kwa miaka. Kwa kuwa mbawakawa anayekula kidukari aliyefyonza dawa naye huweza kudhurika, mti uliotibiwa usitumiwe kuwaachilia.

Mpango unaofaa katika eneo moja ni kugawa miti: ile mikubwa na ya thamani itibiwe, na kundi la miti ya kati, yenye afya na yenye sufu nyingi, liachwe bila dawa, kwa umbali wa kutosha ili mizizi isikutane, liwe nyumba ya mbawakawa. Miti iliyotibiwa itakapoanza tena kupata sufu baada ya miaka, mbawakawa waliozaliana upande wa pili watakuwa na mahali pa kuhamia, na hapo kitambaa kirudishwe chini ya matawi yake, mwezi wa Novemba.